Sauti ya motere ilinidanganya, nami nikawadanganya wengine

Katika kiangazi cha mwaka 2023 niliwaambia wasikilizaji wetu hewani jambo ambalo halikuwa kweli. Halikuhusu vita, wala idadi ya waliohama, wala bei ya unga. Lilihusu filta ya hewa ya motokari. Najua kuna watakaocheka. Lakini baba mmoja kutoka teritwari ya Rutshuru, aliyekuwa anaishi na familia yake katika kambi ya Bulengo, alinisikia, akanifuata, na motere ya motokari yake ikafa kidogo kidogo. Kosa hilo nimekwisha kulisahihisha redioni mara mbili. Watu waliniomba niliandike pia, ili walisome polepole na kumwonyesha fundi wao. Basi ninaliandika, na ninaanza na upande wangu.

Nina Toyota Vitz ya mtumba, iliyotoka Japani ikapitia Dar es Salaam hadi hapa Goma. Kwa macho ni kama Vitz zote mnazoziona zimejaa abiria na mizigo. Lakini yangu ni RS: motere ya lita 1.5, vitesi ya mkono, na huko Japani iliandikwa nguvu ya farasi 110. Ulaya wanazipenda sana motokari za namna hii, ndogo kwa umbo, mlango wa nyuma unainuka, na motere ni kubwa kuliko unavyotazamia. Golf GTI ya kwanza, ya mwaka 1976, nayo ilikuwa na farasi 110. Kwa hiyo niliponunua Vitz yangu nilijiona nimepata kitu.

Kisha nikaanza kupanda nayo kwenda Kanyaruchinya, nikiwa na mwenzangu wa redio, vifaa vyetu, na kila mara mama mmoja au wawili tuliowasaidia njiani. Ikawa inapumua kama mzee. Unakanyaga pedali, inafikiri kwanza, halafu ndiyo inakwenda.

Mdogo wangu anaishi Antwerpen, Ubelgiji. Ana Golf GTI ya siku hizi, na hunitumia video. Katika moja alikuwa ameondoa sanduku la plastiki linalobeba filta ya hewa, akaweka filta ya umbo la koni, wazi kabisa, juu ya bomba pana. Alipokanyaga, motokari ilinguruma na kuvuta pumzi kama mnyama. Akaniambia, «Yaya, sasa inaitika mara moja.» Nilirudia video ile labda mara kumi.

Nikaenda kwa kijana fundi mmoja wa Ndosho. Ni kijana mwaminifu, simlaumu hata kidogo. Nilimwonyesha video na yeye akafanya nilichomwomba. «Mukubwa, hii inavuta hewa kwa pua iliyoziba,» alisema. Akafungua kapo, akatoa sanduku zima pamoja na mdomo wake unaokwenda kuchukua hewa ya baridi mbele, akafunga koni nyekundu ya dola 25. Kazi ya nusu saa.

Nilipowasha na kukanyaga, nilisikia ule mngurumo wa video. Mwili ulisisimka. Nikashika njia ya Sake, nikaona kweli motokari imekuwa nyepesi, inaitika. Jumamosi iliyofuata, katika kipindi chetu cha kazi za vijana, nikaeleza habari hiyo kwa furaha. Nikasema madereva wa taksi wafanye vilevile, motokari zao zitavuta vizuri zaidi. Tena nikaongeza kwamba zitakula esanse kidogo. Hilo la esanse hakuna mtu aliyekuwa ameniambia. Lilitoka tu mdomoni, kwa sababu lilikuwa linafaa katika sentensi.

Baba wa Bulengo alikuja redioni yapata miezi mitatu baadaye. Aliomba kumwona mwandishi wa kipindi cha Jumamosi. Nilidhani ana habari ya kambi.

«Mwanangu, ni wewe uliyesema watu watoe sanduku la hewa?»

«Ndiyo, papa.»

«Basi twende uitazame motokari yangu.»

Alikuwa na Toyota ya zamani aliyokimbia nayo kutoka kwao, watu kumi na mmoja ndani na magodoro juu. Hapa Goma ilikuwa taksi yake. Chakula chote cha familia kilitoka humo. Yeye hakuwa na dola 25 za koni. Fundi wake alitoa filta ya karatasi, akaacha sanduku bila kifuniko, akaziba mdomo wa bomba kwa sponji iliyokatwa kwenye godoro, akaifunga na uzi. Alipowasha, moshi wa buluu ulitoka nyuma, na watoto waliokuwa karibu wakakohoa. Alikuwa anaongeza lita ya mafuta ya motere karibu kila wiki. Kupanda mlima hakuwezi tena.

Nilimwita mzee mmoja fundi ambaye alitengeneza malori ya njia ya Butembo kwa miaka mingi. Alichotufundisha siku ile, na siku zilizofuata, ndicho ninachotaka kukileta hapa.

Alianza na sponji. Aliitoa, akapitisha kitambaa cheupe ndani ya bomba, upande ule ambao hewa inapaswa kuwa imekwisha kusafishwa. Kitambaa kilitoka cheusi, na ukikisugua kwa vidole kinakwaruza kama msasa. Sisi wote wa Goma tunalijua vumbi hilo. Tunaishi juu ya mawe ya volkano. Mwaka 2002 na tena Mei 2021 Nyiragongo ilimwaga mengine mapya, na magurudumu yanayasaga kila siku. Si vumbi laini la udongo tu, ni chembe ngumu zenye ncha. Zikiingia kwenye motere, zinakaa kati ya pistoni na ukuta wake, mahali ambapo utando wa mafuta ni mwembamba sana, na zinakwangua. Zinakula ringi za pistoni, zile ambazo mafundi wetu huziita segma. Segma zikiisha, mafuta ya motere yanapanda juu na kuungua: ndiyo moshi wa buluu. Na nguvu ya mlipuko inavuja chini: ndiyo sababu mlima umekuwa mrefu.

Tena kumbukeni kiasi cha hewa. Mtu aliyekaa kimya anavuta kama lita 6 hadi 8 za hewa kwa dakika. Motere ya lita 1.5 ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, inaweza kuvuta zaidi ya lita 2,000 kwa dakika hiyohiyo. Fikiria kusimama nyuma ya lori kwenye njia ya Bulengo, ukivuta pumzi kwa mamia ya watu, bila kitambaa puani.

Sponji ya godoro haizuii chembe hizo. Kuna filta za sponji za kweli, lakini zina matundu ya kipimo na hulowekwa mafuta maalum ili vumbi linase. Ya godoro ni pambo tu.

Basi hayo yalikuwa ya motokari yake. Mimi nilikuwa bado najitetea moyoni. Nilisema koni yangu ni filta halisi, na motokari yangu inaitika. Mzee akaniuliza swali moja tu: «Ile filta ya zamani, uliitazama kabla hawajaitupa?»

Sikuwa nimeitazama. Tulirudi kwa kijana wa Ndosho, na bahati nzuri alikuwa hajaitupa. Sanduku langu lilikuwa chini ya meza likiwa na filta yake ndani. Karatasi ilikuwa nyeusi kabisa, mikunjo imejaa mpaka haionekani. Labda haikubadilishwa tangu motokari ivuke bahari. Yaani nilikuwa nimelinganisha pua iliyoziba kabisa na pua safi, halafu nikaisifu rangi nyekundu ya koni. Filta mpya ya karatasi, ya bei ndogo, ingenipa karibu yote niliyoyahisi.

Karibu yote, lakini si ule mngurumo. Na hapo ndipo aibu yangu ilipo, kwa sababu mngurumo ni kazi yangu. Kila siku ninavaa vifaa vya masikioni na kupima sauti za watu. Katika kozi ya uandishi wa habari tulifundishwa mtego mmoja: chukua rekodi moja, icheze mara mbili, mara ya pili ipandishe sauti kidogo tu. Wasikilizaji watasema ya pili ni safi zaidi. Nimewahi kuwafanyia wengine mtego huo. Sanduku la hewa la kiwandani, pamoja na kusafisha na kuleta hewa ya baridi, limetengenezwa pia kunyamazisha mlio wa motere inapovuta. Ukiliondoa, mlio uliokuwepo siku zote unasikika. Mguu unakanyaga, sikio linapata jibu papo hapo, na akili inasema motokari imeitika.

Mzee alituelezea kwa mfano ambao baba wa Bulengo aliuelewa kabla yangu. Ukikanyaga pedali, kwenye bomba la hewa kuna kijisahani cha duara kinachofunguka, tukiite kipepeo. Ukikanyaga kidogo, kipepeo kinafunguka kidogo. Sasa, pale kambini kuna robine ya maji na kuna geti la uwanja. Watu wamepanga mstari. Ukipanua geti liwe mara tatu, maji yatatoka haraka zaidi? Hayatoki, kwa sababu kinachobana ni robine. Katika mwendo wetu wa kawaida wa mjini, kipepeo kimefungwa nusu au zaidi: ndiyo robine. Filta ni geti tu. Geti linaanza kuwa na maana pale tu unapokanyaga mpaka chini na motere inazunguka kwa kasi kubwa. Na hata hapo, kwa motere isiyo na turbo kama yangu, geti safi la kiwandani halibani sana. Kinachoongezeka ni farasi wachache, juu kabisa, mahali ambapo barabara zetu hazitupeleki.

«Na wale wa Ulaya, wanadanganya?» nilimwuliza. Hawadanganyi. Golf ya mdogo wangu ina turbo. Turbo ni feni inayozungushwa na moshi wa motere, nayo inavuta hewa na kuibana kabla haijaingia. Mbele ya feni ile, kila kizuizi kinaonekana: ukikipunguza, feni inachangamka mapema, na ule muda wa kungoja kati ya mguu na nguvu unafupika. Tena wengi wao hubadilisha na programu ya kompyuta ya motokari ili ipatane na hewa mpya. Tena Antwerpen ni mji wa usawa wa bahari, barabara ni lami.

Goma iko karibu mita 1,500 juu ya bahari. Hewa huku ni nyepesi. Lita moja tunayovuta ina karibu asilimia 15 pungufu ya ile ya Muanda, kule nchi yetu inapogusa bahari. Kila gramu ya esanse inahitaji karibu gramu 14.7 za hewa ili iungue vizuri. Hewa ikipungua, esanse inapungua, na nguvu inapungua. Farasi wangu 110 wa Japani, hapa ni kama 95, na Kanyaruchinya ni juu zaidi. Hakuna koni inayorudisha hao. Turbo inaweza kurudisha sehemu kubwa, kwa sababu inabana hewa. Koni haibani kitu. Ule uzito wa kupanda niliouchukia ulikuwa wa mlima, ukachanganyika na uchafu wa filta.

Halafu kuna joto. Koni yangu ilikuwa wazi chini ya kapo, kando ya motere yenyewe. Katika msongamano wa Birere, hewa iliyomo humo ni ya moto, na hewa ya moto imetawanyika: kutoka nyuzi 25 hadi nyuzi 55 inapoteza karibu asilimia 9 ya uzito wake. Kwa hiyo nilitoa mdomo uliokuwa unaleta hewa ya baridi, nikaiunganisha motere na jiko.

Sikuamini mpaka nilipopima. Nilirudisha sanduku langu likiwa na filta mpya. Saa kumi na mbili asubuhi, barabara ya lami ikiwa tupu, mwenzangu akiwa na saa ya simu, vitesi ya tatu, kutoka kilometa 40 hadi 80 kwa saa. Na sanduku: sekunde saba na nusu. Na koni: sekunde saba na nusu. Tukarudia mara nne kila upande, tofauti haikushikika. Kisha tukaingia mjini na koni, tukazunguka nusu saa katika msongamano, tukatoka na kupima tena: zaidi ya sekunde nane. Na sanduku baada ya mzunguko uleule ilibaki karibu palepale pa asubuhi. Saa ya simu si chombo cha maabara, najua. Lakini katika majaribio yote, ile iliyonguruma kwa nguvu haikuwahi kuwa mbele, na mwenzangu, aliyekuwa ameshika saa mkononi, bado alisema koni «inasikika kali zaidi».

Kulikuwa pia na jambo la mlio wa kusimama. Baada ya koni, motere yangu ikisimama kwenye taa au kizuizi ilikuwa inapanda na kushuka yenyewe. Nyuma ya filta kuna waya mwembamba wenye joto unaopima hewa inayoingia, ili kompyuta ijue kiasi cha esanse. Waya huo umepimwa kwa bomba lake na kwa mtiririko uliotulia. Hewa ikija kwa mizunguko, inasoma vibaya. Na koni za kulowekwa mafuta, ukizitia mafuta mengi, yanaruka na kuuganda waya. Mzee aliusafisha, mlio ukatulia. Kuhusu kula esanse kidogo, sikuona tofauti yoyote mfukoni.

Haya sasa ya kumwonyesha fundi. Filta ya karatasi usiioshe kwa maji. Igonge polepole, ukiipuliza, puliza kutoka ndani kwenda nje, kwa upepo mdogo, maana upepo mkali unaitoboa na hutaona tundu. Ukiishika kuelekea jua ukaona nukta za mwanga, itupe. Filta yenye vumbi kidogo inasafisha vizuri kuliko mpya kabisa, kwa hiyo usiwe na haraka ya kuifungua kila siku. Kila unapoifungua vumbi la pembeni linaweza kuangukia ndani. Tazama mpira wa ukingo, kwa sababu filta nyingi za bei rahisi sokoni hazikai sawa na hewa chafu inapita pembeni. Na kipimo cha mzee: kitambaa cheupe ndani ya bomba, baada ya filta. Kikitoka safi, endelea na kazi yako. Kikitoka na mchanga, simamisha motokari leo, usingoje moshi.

Motokari ya baba wa Bulengo ilisimama kando ya hema lao karibu miezi miwili. Mvua zilipoanza, watoto walilala ndani yake, kwa sababu paa lake halikuvuja. Niliiuza koni dola 15, nikaongeza zangu, na wenzangu wawili wa redio wakachanga. Tukanunua segma na gasketi. Nilitaka kumpa yeye fedha mkononi, akakataa. Alisema yeye hakuja kuomba, alikuja ili niseme redioni. Mzee fundi alifanya kazi na kukubali kulipwa kidogo kidogo kutoka taksi. Pistoni zenyewe zilikuwa na mikwaruzo ambayo hatukuweza kuiondoa, kwa hiyo motere ile haikurudi kuwa ilivyokuwa. Ilirudi kufanya kazi.

Mwanzoni mwa 2025, kambi zilipovunjwa, alipakia watu na magodoro akarudi kwao. Sikupata habari zake kwa muda. Kisha akanitumia ujumbe wa sauti. Nyuma ya maneno yake motere ilikuwa inazunguka, na aliisogeza simu karibu na kapo ili niisikie. «Mwanangu, sikiliza inavyokwenda.»

Nilisikiliza mara mbili. Ilisikika vizuri. Nikamwuliza kama amepitisha kitambaa ndani ya bomba.

«Kila Jumapili,» akajibu.